Namna ya Kuendesha Usaili wa Haki kwa Waombaji Wenye Ulemavu katika Ajira za Mahakama, Mtwara na Lindi

Mwombaji mwenye ulemavu mara nyingi hunyimwa haki kabla hata hajakaa mbele ya jopo la usaili, kwa hiyo anayeandaa ajira za Mahakama katika mikoa ya Mtwara na Lindi aanze kwa kupitia upya sifa zinazotajwa kwenye tangazo. Tuchukue nafasi ya msaidizi wa kumbukumbu. Je, kiini cha kazi hiyo ni kubeba mafurushi ya majalada, au ni kusajili mashauri na kujua jalada lilipo pale hakimu anapolihitaji? Sharti la "afya njema ya mwili" lisilotokana na majukumu yenyewe liondolewe, kwa sababu humkatisha tamaa mtu ambaye angeifanya kazi vizuri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, lakini kiwango hicho hakitafikiwa ikiwa tangazo lenyewe linawafukuza.

Tangazo lisambazwe likiwa maandishi halisi. Karatasi iliyopigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp haisomeki kwa programu inayomsomea asiyeona, na hivyo yeye hubaki akitegemea jirani amsomee sifa na tarehe ya mwisho. Viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu wa wilaya nao wapelekewe nakala.

Mwombaji anayeitwa kwenye usaili aulizwe mapema, kwa simu au ujumbe, anahitaji nini ili ashindane sawa na wenzake, na jibu lake lifanyiwe kazi. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi. Asiyeona anayetoka Liwale kwenda Mtwara mjini akiwa na msaidizi hulipa nauli ya watu wawili, kwa hiyo kumpa taarifa ya siku mbili tu ni sawa na kutomwita. Mwenye ualbino apewe karatasi yenye maandishi makubwa, akae mbali na mwanga mkali wa dirishani, na asisimamishwe juani kwenye foleni ya uhakiki wa vyeti. Kwa kiziwi, atafutwe mkalimani wa lugha ya alama aliyehitimu, wala si ndugu yake, naye akae karibu na mwuliza maswali ili mwombaji awaone wote wawili kwa pamoja. Wajumbe wamwelekee mwombaji na kuzungumza naye mwenyewe. Anayetumia nukta nundu, yaani maandishi ya asiyeona yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole, aongezewe muda katika mtihani wa mchujo, na wasimamizi waelezwe mapema kwamba huo si upendeleo.

Katika mahojiano, maswali na alama viwe vilevile kwa wote. Swali la "ulemavu huu uliupataje?" halina nafasi, na huruma isiongeze alama, kwani aliyefaulu anastahili kuingia kazini akijulikana kwa uwezo wake.

Vifaa na kituo cha kazi vijadiliwe na aliyefaulu kabla ya barua ya kupangiwa kituo kutoka, ili anayetumia kiti mwendo asipelekwe kwenye mahakama ya mwanzo yenye ngazi tupu, na asiyeona asiripoti kazini akakuta kompyuta isiyo na programu ya kumsomea.