Kabla hujamtoa mzee ushago umlete Nairobi, soma hii

Kwanza jiulize hii safari ni ya nani. Kuna watu wanaleta mzazi juu wamechoka kutuma pesa ya kijana wa kuchunga, ya fundi, ya daktari, wanaona heri akae hapa karibu wamwone. Si vibaya, lakini yeye mwenyewe umemuuliza? Kumpa habari si kumuuliza. Muulize, na akisema hapana ujue ni hapana.

Ya kawaida nitayapitia mbio. Kama unakaa ghorofa ya nne na hakuna lifti, hama kwanza ama uwachane na hiyo mpango. Bafuni weka chuma ya kushika ukutani, na toa vile vikapeti vinateleza, kwa sababu mzee akianguka mara moja, hata asipovunjika, anaingiwa na woga, anapunguza kutembea, miguu inaisha nguvu na hapo ndio anaanguka sasa kikweli. SHA, ile bima ya afya ya serikali, msajili na ulipe mapema, usingoje mpaka mko kwa foleni ya hospitali. Dawa zote anazotumia zije kwa mfuko mmoja daktari azione, na zile za mizizi pia, usimfichie.

Masikio na macho yapimwe kabla hajazoea nyumba. Mzee asiyesikia vizuri anajibu vitu haviendani na swali, watoto wanacheka, anaona heri anyamaze, na mwezi ukiisha mnaanza kunong'ona akili imeenda. Ile tume ya jarida la Lancet mwaka wa 2024 iliweka kutosikia na kutoona vizuri kwa orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, na ambayo watu wanaweza kufanya kitu juu yake. Sijui mbona mtu ananunulia babake TV kubwa ya ukutani na hajawahi kumpeleka kupimwa masikio.

Sasa hii inayofuata usiruke.

Jirani yangu huku Donholm alimleta babake kutoka Mwingi, Ukambani, mamake hata matanga hayajapoa. Kule mzee alikuwa mtu wa watu, ako na mbuzi, kesi ya mpaka ikitokea yeye ndiye anaitwa, kanisani ako na kiti chake. Watoto walikaa kikao WhatsApp bila yeye, wakakubaliana, wakamwambia anakuja kupumzika wiki mbili tu. Akaja na koti, kofia, fimbo na begi moja. Huku nyuma mbuzi zikauzwa, eti nani atachunga, na pesa ikanunua kitanda kizuri na godoro la mgongo, nia njema kabisa sikatai. Saa kumi na mbili asubuhi nyumba inabaki tupu, wakubwa kazini watoto shule, amebaki na dada wa kazi wa kutoka Busia, na mzee Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Halafu grili inafungwa kufuli, asije akapotea. Mtu aliyekuwa anafunga boma lake mwenyewe!

Jioni nikipanda ngazi namkuta amesimama nyuma ya grili, kofia kichwani, begi miguuni, anaomba yeyote anayepita amfungulie ako na safari. Watu wa ploti wakasema ni dimenshia, wengine wakasema amerogwa kwao. Ya mbuzi alikuja kuyajua kutoka kwa mzee mwenzake wa kanisa aliyempigia simu kumpa pole. Kutoka siku hiyo akanyamaza. Akaacha kunyoa, chakula anasukuma sahani, ukimuuliza anasema ni tumbo. Tumbo likapimwa, likapigwa picha, hakuna kitu. Wakazunguka hivyo mpaka wakapata daktari mmoja Mkamba, akafukuza watoto wote kwa chumba, wakaongea na mzee weee, alipotoka akawaambia huyu ako na depresheni, na akili yake iko timamu kabisa, ameniambia mbuzi walikuwa wangapi na nani aliwauza kwa bei ya kutupa.

Weka hiyo kichwani: depresheni ya mzee mara nyingi haiji na machozi. Inakuja kama tumbo, mgongo, usingizi, kukataa chakula, hata kusahausahau, na inatibika, kwa hivyo usikubali mtu akwambie ni umri.

Na hii maneno ya kunyang'anywa maamuzi haikuanza Donholm. Mwaka wa 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walifanya utafiti kwa nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa wajiamulie mambo yao, wakachagua mmea wautunze wenyewe. Wa ghorofa nyingine waliambiwa wafanyakazi watawashughulikia, mmea wakapewa lakini nesi ndiye anamwagilia. Baada ya wiki tatu wale wa kujiamulia walikuwa wachangamfu na wenye furaha kuliko wenzao. Mmea tu, na wewe umeuza mbuzi.

Kwa hivyo kabla hajapanda gari mkubaliane ni nini kitabaki chake. Ufunguo apewe. Mifugo ibaki, hata kama ni wawili kwa jirani, na ripoti apigiwe yeye. Kama anapata zile 2,000 za kila mwezi serikali hupea wazee kwa mpango wa Inua Jamii, hiyo ni pesa yake, usimwambie ati aweke kwa budget ya nyumba. Kazi mpe, lakini kazi ya ukweli, asipoifanya pengo lionekane. Yule wa kwa jirani baadaye alipewa ufunguo na kazi ya kupokea mjukuu kwa steji, akapata na kanisa lenye ibada ya Kikamba, akarudi kuongea. Mwisho wa mwaka bado alidai kurudi kwake na wakamrudisha, wakamnunulia mbuzi wengine, anasema si kama wale.

Kusahau jina la mtu ama mahali ameweka miwani ni kawaida ya uzee. Kupotea kwa njia anayoijua, ama kuuliza swali lile lile mara tano kabla chai ipoe, mpeleke akapimwe. Na akichanganyikiwa GHAFLA, jana alikuwa sawa leo hajui ako wapi, anaona watu hawapo, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu wala usiite maombi kwanza. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, nimonia, maji kupungua mwilini ama dawa mpya, ikitibiwa mapema wengi hurudi sawa.

Mengine ni ya kuangalia tu. Namba zenu ziandikwe kwa karatasi ikae kwa koti, simu ya mulika mwizi huzima chaji. Soja wa geti na mama mboga wamjue kwa jina. Bodaboda za Nairobi hazingoji mtu mwenye fimbo, mtembeze hiyo barabara mara kadhaa kabla ya kumwacha avuke peke yake. Na wale wa kupiga simu ati nimetuma pesa kwako kwa makosa nirudishie, mwambie mapema akate, asiwajibu hata salamu.