Kujiandaa kwa kolonoskopi: ule usiku wa jagi

Mjomba wangu wa Muheza alitoka damu chooni miezi saba akisema ni bawasiri. Kila duka la dawa lilimuuzia tyubu ya kupaka, naye akapaka. Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi (vipimo vya kamera ndani ya mwili), na bado nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Mambo ya huko nyuma mjomba hamwelezi mpwa wake wa kike. Alipokubali kolonoskopi, yaani kupimwa utumbo mpana kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, kamera iliishia njiani. Utumbo ulikuwa umejaa choo. Hospitali aliyokwenda ilimpa agizo moja tu: "Usile usiku." Mara ya pili nilimwandaa mwenyewe, hivi.

1. Jua kama inakuhusu

Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, au upungufu wa damu usioeleweka: nenda kwa daktari, umri wowote. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani ya utumbo mpana, kawaida huanza kupimwa ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri alioanza kuugua yeye, kutegemea kipi kinatangulia. Usiye na dalili waweza kuanza na kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kikiikuta, kamera haikwepeki.

Na usiniambie saratani hii ni ugonjwa wa wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba Waafrika hawaugui sana kwa sababu chakula chao kina makapi mengi. Hicho kilikuwa chakula cha enzi hizo. Leo dona imekuwa sembe, na soseji zipo hadi kwenye chipsi za uchochoroni.

2. Taja dawa zako zote

Vidonge vya madini ya chuma huachwa kama wiki moja kabla, maana hufanya choo kiwe cheusi na cha kunata. Dawa za kuzuia damu kuganda, insulini na vidonge vya kisukari usiviache wala kuvibadili bila daktari aliyekuandikia. Mwenye tatizo la figo au moyo aseme kabla hajapewa dawa ya kusafishia.

3. Chakula

Siku tatu kabla acha maharage, mchicha, dona, korosho, mapera na chochote chenye mbegu. Kula wali mweupe, mayai, samaki, mkate mweupe. Siku ya mwisho ni vimiminika vinavyopitisha mwanga tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu. Maziwa hapana. Rozela na vinywaji vyekundu hapana, kwa sababu kwenye kamera vinafanana na damu.

4. Jagi

Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Mimi naamini unga wa PEG (polyethylene glycol, dawa ya kusafisha utumbo), ule wa pakiti nne, kila pakiti lita moja ya maji. Mafuta ya nyonyo waachie bibi zetu. Yanakukata tumbo na choo kinabaki.

Usinywe lita nne kwa mkupuo mmoja wa jioni. Zigawe. Miadi ya mjomba ilikuwa saa 4 asubuhi, basi lita mbili za kwanza alianza saa 12 jioni, glasi moja kila robo saa, akamaliza saa 2 usiku. Lita mbili nyingine alianza saa 10 alfajiri hadi saa 12. Alilalamika kuamshwa. Lakini hiyo ya alfajiri ndiyo inayosafisha upande wa kulia wa utumbo, ambako uchafu hurudi usiku kucha. Baada ya hapo hakuna kuweka kitu mdomoni, hata maji, ila kama hospitali yako imekupa saa nyingine.

Ladha yake ni kama maji ya chumvi yaliyolala. Weka jagi kwenye friji, nyonya kipande cha limau kati ya glasi na glasi. Sukari usitie ndani ya jagi: bakteria wa tumboni huigeuza gesi inayoweza kulipuka, nasi wakati mwingine tunakata kwa umeme vinundu, yaani vinyama vinavyoota ndani ya utumbo. Kichefuchefu kikija, pumzika nusu saa, kisha endelea polepole. Ukitapika mfululizo au ukihisi kuzimia, acha upige simu hospitali.

Paka vaselini sehemu ya haja kubwa mapema, kabla ngozi haijachubuka. Kaa karibu na choo, na kama choo ni cha nje, tafuta ndoo na tochi mchana.

Utajuaje umemaliza? Tazama unachotoa. Mjomba saa 3 usiku aliniita kwa furaha: "Sasa ni maji tu!" Nikaenda kuangalia: maji ya kahawia, yana vipande kama majani ya chai. Bado. Kulipopambazuka yalikuwa ya njano, ukitazama unaona sakafu ya ndoo. Hapo ndipo. Yakibaki na tope, waambie wahudumu ukifika, usione haya.

5. Siku yenyewe

Nenda na mtu, kwa sababu ya dawa ya usingizi; siku hiyo huendeshi gari wala bodaboda. Utalalia ubavu wa kushoto. Gesi ikikujaa baadaye, itoe tu.

6. Usiondoke bila karatasi

Mjomba alikutwa na vinundu viwili, vikakatwa papo hapo na kupelekwa maabara. Vinundu vya namna hiyo huchukua miaka mingi, mara nyingi kama 10, kugeuka saratani. Vyake havikuwa vimefika huko. Karatasi inasema arudi baada ya miaka 5. Ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na tyubu za bawasiri bado zipo kwenye rafu ya juu.