DT yako inavuja oili na haitulii? Pima upepo kabla ya kugusa kabureta

Injini za mipigo miwili, zile tunazoziita tu-stroki, zimebaki chache Dar es Salaam. Boxer na TVS zilizojaa vijiweni zote ni za mipigo minne, na fundi kijana anaweza kufanya kazi miaka bila kufungua tu-stroki hata moja. Hivi karibuni nimemsaidia ndugu mmoja wa Kigamboni mwenye Yamaha DT 125: inapanda resi yenyewe, inatoa moshi mzito, na kila inapolala inaacha doa la oili chini. "Fundi, kila ninayempelekea anakaza skrubu za kabureta," aliniambia. Kabureta yake ilikuwa nzima.

Kwenye mipigo miwili, petroli na hewa hupita kwanza chini, ndani ya kasha la kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), ndipo hupanda kwenye silinda. Kasha hilo lazima libane kabisa. Likivuta hewa ya pembeni, petroli inakuwa kidogo mno kwa hewa iliyopo, joto linapanda na pistoni inang'ata silinda. Ndiyo maana kuvuja oili na kutotulia kwa injini mara nyingi ni ugonjwa mmoja.

Hatua ya 1: Jua ni oili gani inayovuja

Osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe, ipake poda ya mtoto, kisha zunguka nayo mtaani kidogo. Poda italowa pale panapovuja.

Oili ya tu-stroki kwa kawaida hutiwa rangi: bluu, kijani au nyekundu. Oili ya gia ni ya kahawia na nzito zaidi. Uchafu mweusi unaochuruzika pale eksozi inapoungana na silinda ni oili ambayo haikuungua, na dawa yake ni gasketi mpya ya eksozi. Huo usikutishe.

Fungua kifuniko cha sumaku, lile gurudumu la kuzalisha umeme mwishoni mwa kranki. Ukikuta ndani kumelowa oili inayonuka petroli, sili ya kranki upande huo (pete ya mpira inayobana shafti ili oili na hewa visipite) imekwisha. Pikipiki zinazolala karibu na bahari zikague pia kutu kwenye shafti.

Hatua ya 2: Soma plagi

Kahawia ni nzuri. Nyeupe, inakosa petroli au inavuta hewa. Nyeusi na imelowa, oili au petroli imezidi.

Hatua ya 3: Pima oili ya gia

Ikiwa inapungua na hakuna tone linaloanguka chini, injini inainywa kupitia sili ya upande wa klachi. Ndiyo inayotoa ule moshi mzito. Ikiwa inaongezeka, inuse. Ikinuka petroli, sili hiyohiyo inapitisha kwa upande wa pili. Isiponuka petroli, shuku sili ya pampu ya oili.

Hatua ya 4: Pima upepo

Hapa usiharakishe. Wapo wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio injini ikiwa inawaka, wasikilize kama mlio unabadilika. Siipendi njia hiyo: unapuliza kitu kinachoshika moto karibu na eksozi ya moto, na sili ya klachi iliyojificha ndani huifikii kabisa.

Tafuta kipimo cha presha cha hospitali, kile cha mshale na mpira wa kubonyeza. Mshale wake unafika 300 (milimita za zebaki), ambayo ni karibu psi 6 kwa kipimo cha matairi, na ndicho kiwango tunachokitaka. Usitumie kompresa ya wajaza matairi. Ukivuka psi 10 unaweza kuzing'oa sili zilizokuwa nzima.

Injini iwe baridi. Toa eksozi, ziba tundu lake kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na bati, ukaze kwa nati zilezile za eksozi. Toa kabureta, kisha kwenye mpira wake wa upande wa injini ingiza kizibo chenye mrija unaokwenda kwenye kipimo, ukibane kwa klipu. Bana na mpira mdogo unaoleta oili kutoka kwenye pampu. Plagi ibaki imefungwa, na pistoni iwe chini kabisa. Kwa DT hiyo inatosha kwa sababu ina ridi (vibamba vyembamba vinavyofunguka kuelekea ndani tu), na upepo kutoka upande wa kabureta unaisukuma ridi ukapita. Injini za zamani zisizo na ridi ni tofauti: pistoni ikiwa chini inaziba njia ya kuingilia, kwa hiyo ipandishe juu.

Pampu taratibu hadi 300, funga valvu, subiri dakika 6. Mshale ukishuka zaidi ya 50 kwa dakika moja, pana tundu.

Kabla hujailaumu injini, paka povu la sabuni ya maji kwenye vizibo vyako mwenyewe. Mara nyingi vinavyovuja kwanza ni hivyo, na mtu anaweza kushinda siku nzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo. Vikibana, paka povu chini ya silinda, kwenye hedi, kwenye plagi, kwenye mpira wa kabureta hasa nyufa zake, na mshono wote wa kasha. Sili ya sumaku hutaiona mpaka utoe sumaku yenyewe. Tumia pula yake (kifaa cha kuing'olea), kamwe usitumie nyundo, na angalia nyuzi kwanza kwa kuwa baadhi ya pula hufungwa kinyume.

Mshale unashuka na povu halitoki popote? Upepo unaingia kwenye giaboksi. Tafuta mpira wa kupumulia wa giaboksi, utumbukize kwenye kikombe cha maji, kisha pampu tena. Mapovu yakitoka, ni sili ya klachi au gasketi ya kasha. Kwa ile DT ya Kigamboni, kikombe ndicho kilichotoa jibu.

Ukipata pampu ya kunyonya, rudia kipimo kwa kunyonya. Kuna sili inayozuia upepo usitoke lakini inauruhusu kuingia.

Hatua ya 5: Badilisha sili

Kabla ya kununua, shika kranki uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha, na sili mpya itakufa haraka.

Nenda na sili ya zamani Gerezani, ununue kwa vipimo vilivyoandikwa juu yake: 25-40-8, kwa mfano, ni kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Jina la pikipiki pekee halitoshi. Angalia pia umbo, maana kuna sili za klachi zenye ukingo ambazo hazitoki wala haziingii mpaka upasue kasha. Ipake grisi midomo, isukume sawasawa kwa soketi pana.

Na tafadhali, silikoni iache dukani. Petroli huilainisha, ikamomonyoka ndani ya injini. Weka gasketi mpya ya aina ileile iliyokuwepo.

Hatua ya 6: Sasa shika kabureta

Safisha jeti, toa masizi kwenye eksozi, rudisha skrubu kwenye vipimo vya kiwandani.

Ikiwa umefungua mpira wa oili, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu hadi oili itoke bila mapovu. Hata hivyo, kwa tangi la kwanza changanya oili ya tu-stroki mililita 20 kwa kila lita ya petroli, mpaka uone oili kwenye tangi lake inapungua. Moshi utazidi kidogo, lakini pistoni haitakauka.