Dawa za sonona: kuanza, kuishi nazo na kuziacha bila kuteseka

Hii sio ya kumshawishi mtu ameze wala asimeze. Ni ya yule ambaye ameshaandikiwa, boksi liko mezani, anajiuliza sasa itakuwaje, au yuko nazo mwaka wa pili na anatafuta mlango wa kutokea. Mimi natumia fluoksetini, asubuhi baada ya chai, na kiukweli malalamiko mengi ninayosikia kwa wenzangu hayatokani na kuanza dawa bali na kuacha vibaya. Mtu kajisikia vizuri kaacha siku hiyohiyo, au famasi imeishiwa, au kaenda msibani kijijini vidonge kavisahau mjini, wiki ijayo anasema dawa zimemharibu kichwa.

Kwanza jua unameza nini. Huku kwetu hospitali za serikali utakutana zaidi na amitriptilini na fluoksetini, zote mbili ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Famasi za binafsi zinakuwa na sertralini, esitalopramu, paroksetini, wakati mwingine venlafaksini, na bei inapanda. Amitriptilini watu wanaidharau sana, utasikia "hiyo si ya usingizi tu" au "hiyo alipewa bibi ya ganzi ya miguu". Ni kweli inatumika huko pia lakini mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 522, dawa 21, watu zaidi ya 116,000, na dawa zote zilizidi kidonge kisicho na dawa ndani, halafu iliyoongoza kwa nguvu ni hiyohiyo amitriptilini ya bei ya karanga. Ila kwenye maudhi, yaani madhara ya pembeni, nayo haikuwa nyuma.

Shida yake nyingine ni dozi. Mtu anapewa miligramu 25 usiku, analala vizuri, miezi inapita moyo bado mzito, anasema dawa haifanyi kazi. 25 mara nyingi ni ya kuanzia au ya maumivu, kwa sonona ya mtu mzima huwa wanapandisha taratibu wiki kwa wiki mpaka 100 hadi 150. USIPANDISHE MWENYEWE, hii dawa ikizidi inagusa moyo vibaya sana, lakini rudi ukamuulize daktari "hii dozi ni ya sonona au ya usingizi?" Swali fupi tu, linaokoa miezi.

Wiki za mwanzo

Hapa ndipo wengi wanakimbia, kwa sababu maudhi yanafika siku ya kwanza ila faida inakuja wiki ya pili, ya tatu, kwa wengine mpaka ya sita. Kwa fluoksetini, sertralini na ndugu zake tegemea kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuharisha kidogo, usingizi kupaa, na kale kawasiwasi ka miguu kutotulia. Kumeza na chakula kunasaidia, na ikikukosesha usingizi meza asubuhi. Amitriptilini ni kinyume chake, imeze usiku maana inalaza, na asubuhi unaamka ulimi umeshikamana na kaakaa, unaongea na bosi maneno yanakwama, choo kinakuwa kigumu siku tatu, macho hayasomi meseji vizuri. Maji, papai, mboga za majani, na pipi ya kumung'unya au bazoka isiyo na sukari. Mzee mwenye tatizo la tezi dume au presha ya macho amwambie daktari kabla, kwa sababu inaweza kumzuia mkojo kabisa au kuharibu jicho.

Maudhi mengi ya aina hii yanapungua ndani ya wiki mbili hivi. Ambayo usiyavumilie hata siku moja ni haya: mawazo ya kujidhuru yanapoanza au kuongezeka, au unapojikuta umechangamka kupitiliza, hulali, unaongea bila kituo, unanunua vitu hovyo, unaona wewe ndio wewe. Hilo la pili linaweza kuwa dalili kwamba ugonjwa wako si sonona peke yake na dawa inakurusha upande wa pili, pigia hospitali au nenda. Na hilo la kwanza, Marekani tangu 2004 maboksi ya dawa hizi yana onyo kuhusu watoto na vijana, 2007 wakaongeza mpaka wa miaka 24. Kuna hali moja watu hawaisemi: nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujapona. Mtu aliyekuwa hatoki kitandani sasa anatoka, lakini mawazo ni yaleyale. Kwa hiyo wiki hizo awepo mtu, dada, mke, rafiki, anayejua umeanza dawa, na vidonge akae navyo yeye, wewe upewe vya siku chache chache. Ukifika mahali unaona huwezi kuvuka usiku usisubiri tarehe ya kliniki, nenda mapokezi ya dharura hospitali yoyote, useme wazi unataka kujidhuru, na usiende peke yako.

Utajuaje inafanya kazi? Hakuna kipimo cha damu cha kukwambia. Mara nyingi usingizi unatangulia, halafu hamu ya chakula, na wanaokuona wanajua kabla yako, mama anasema "siku hizi unaitika ukiitwa". Furaha inakuja mwisho na haiji kwa kishindo. Siku moja unashtukia umefua nguo zote na hukujilazimisha. Ikipita wiki nne mpaka sita kwa dozi kamili na hakuna kitu, rudi, wanapandisha au wanabadilisha, sio kwamba wewe ndio umeshindikana.

Kuishi nazo

Tuongee lile ambalo watu wanaulizia inbox. Ndiyo, dawa hizi zinagusa tendo la ndoa. Hamu inashuka, mwanaume anachelewa sana au mashine inagoma, mwanamke hafiki kileleni hata afanye nini. Ni kawaida sana kwa kundi la fluoksetini, na tofauti na kichefuchefu hili huwa haliondoki lenyewe haraka, kwa wachache linabaki hata baada ya kuacha. Wanandoa wanagombana, mmoja anahisi kuna mchepuko kumbe ni kidonge. Mwambie mwenzako. Mwambie na daktari, hata kama ni binti mdogo unamwonea aibu, kuna kupunguza dozi, kuna kubadilisha kwenda dawa nyingine kama mitazapini (hiyo nayo inanenepesha, haya ndio maisha), kuna sildenafili kwa wanaofaa. Vile vya kuongeza nguvu vya kwenye kibegi cha mmachinga achana navyo, hujui mna nini ndani.

Kuna pia hali ya kuwa kama umefunikwa: huumii sana, lakini pia harusi ya mdogo wako umekaa tu unaangalia. Wengine wanaikubali, wengine hapana. Mara nyingi ni dozi kuwa juu, ni jambo la kuongea, sio la kuacha kimyakimya.

Kuchanganya dawa ndiko kunakotisha kwa nchi yetu ambayo mtu anaingia duka la dawa anajitajia. Tramadoli, ambayo imejaa mitaani, pamoja na fluoksetini au mwenzake inaweza kukuletea jasho, kutetemeka, misuli kurukaruka, homa, kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Linezolidi inayotumika kwa TB sugu nayo ni hivyohivyo, ukiwa kliniki ya TB taja dawa yako ya sonona hata kama hujaulizwa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni, hasa ukizitumia kila siku. Wazee wanaotumia dawa ya presha ile ya kukojoza, chumvi ya damu inaweza kushuka, ukiona babu ameanza kuyumba na kuongea visivyoeleweka usiseme ni uzee. Pombe inavuta chini kile dawa inachoinua, na ukiichanganya na amitriptilini utalala vibaya hata upumuaji ushuke. Mirungi inakunyima usingizi na kukuongezea wasiwasi, halafu utasema ni dawa.

Ramadhani sio sababu ya kuacha. Kidonge cha mara moja kwa siku kinahamia futari au daku, amitriptilini baada ya tarawehe, na ukikosa maji mchana kinywa kitakukaukia zaidi kwa hiyo kunywa ya kutosha usiku. Za mara mbili kwa siku, muulize daktari kabla mwezi haujaandama. Na mchungaji au shehe akikwambia umeshapona weka dawa chini, mheshimu, pokea dua, kesho asubuhi meza.

Kuhusu kuishiwa: nunua ukiwa umebakiza vidonge vya wiki mbili, sio viwili. Piga picha boksi, jina la dawa na miligramu vionekane, ikae kwenye simu. Famasi utaambiwa "dada yangu hiyo hamna, chukua hii inafanana." Muulize inafanana jina au inafanana kazi? Kampuni tofauti jina lilelile la dawa, sawa. Dawa tofauti, hapana, hata kama anakuita dada yangu mara kumi.

Kuacha

Kwanza, lini. Mwongozo wa WHO wa mhGAP, ule wa kutibu magonjwa ya akili kwenye hospitali za kawaida, unasema fikiria kuacha baada ya miezi 9 mpaka 12 ukiwa huna dalili au zimebaki ndogo sana. Sio miezi 9 tangu uanze, ni tangu upone. Kama sonona imeshakurudia mara kadhaa daktari anaweza kusema miaka miwili au zaidi. Na uchague kipindi: sio mwezi wa mitihani, sio umefukuzwa kazi juzi, sio umejifungua juzi. Ukigundua una mimba usiache ghafla kwa hofu, wahi kliniki, kuna mama wanaendelea na kuna wanaobadilishiwa, na kwa kunyonyesha sertralini ni moja ya zinazopendelewa.

Ukiacha ghafla mwili unalalamika, kwa kawaida ndani ya siku chache. Kizunguzungu, jasho, hasira za karibu, machozi yasiyo na sababu, ndoto ndefu za ajabu, mwili kama una mafua. Na ile yenyewe: umekaa kwenye daladala, unageuza macho kuangalia dirishani, inapita shoti kichwani, tzz, nusu sekunde, halafu dunia inachelewa kidogo kukufuata. Mara nyingi haina madhara ila inatisha kama hukuambiwa. Paroksetini na venlafaksini ndio mabingwa wa hili kwa sababu zinatoka mwilini haraka, kuruka hata dozi moja unasikia. Fluoksetini inakaa mwilini wiki kadhaa kwa hiyo inajishusha yenyewe, ila dalili zinaweza kuja zimechelewa, wewe ukiwa umeshasahau.

Je ni dalili za kuacha au sonona imerudi? Angalia muda na aina. Zikija siku chache baada ya kupunguza, zina shoti na kizunguzungu ambavyo hukuwahi kuwa navyo ulipoumwa, na zikapoa ukirudisha dozi ndani ya siku moja mbili, hizo ni za kuacha. Sonona inarudi polepole, baada ya wiki au miezi, na inakuja na sura yake uliyoizoea. Watu wengi wanachanganya hapa, wanarudishiwa dawa miaka mingine mitano kumbe walishuka haraka tu.

Namna ya kushuka: mhGAP inasema taratibu kwa wiki 4 au zaidi. Kwa aliyetumia miezi michache inaweza kutosha, kwa aliyetumia miaka mimi naona ni haraka mno. Watafiti Mark Horowitz na David Taylor waliandika mwaka 2019 kwenye Lancet Psychiatry kwamba hata dozi ndogo inashika sehemu kubwa ya kazi kwenye ubongo, kwa hiyo kutoka 20 kwenda 10 unaweza usisikie kitu, halafu kutoka 5 kwenda sifuri ndio ukaanguka. Maana yake hatua ziwe ndogo zaidi kadiri unavyokaribia mwisho, sio nusu, nusu, kwisha. Esitalopramu yenye mstari katikati inakatika kwa kile kikasha cha kukatia vidonge, wembe unasaga nusu yake inabaki unga mezani. Kapsuli ya venlafaksini ya kutoka polepole usiisage wala kuitafuna. Kuruka siku, leo unameza kesho humezi, inawezekana kwa fluoksetini tu kwa sababu ya ule ukaaji wake, kwa zingine unajitengenezea shoti kila kesho. Kila hatua kaa nayo wiki mbili mpaka nne, andika kwenye kalenda ulishuka lini na ulilalaje, ukiona imekaza rudi hatua moja nyuma, tulia, halafu shuka kidogo kuliko mara ya kwanza. Miezi sita kwa kazi hii sio mingi.

Vidonge vitakavyobaki usimpe shangazi ambaye halali usiku, hata akikubembeleza, yeye ana presha na dawa zake nyingine hujui zinapatana vipi. Usiviache droo ya jikoni watoto wanapopita. Virudishe famasi au hospitali ulikovichukua, uwaambie ni vya kuteketezwa, wasiviweke tena kwenye shelfu.