Folda moja, watu unaowajua: kugawana mafaili ya kompyuta ya nyumbani kwa usalama

Kama simu yako na kompyuta ya sebuleni zinatumia ruta moja, hakuna haja ya kutumiana picha kwa WhatsApp. Picha inapanda hadi intaneti, inashuka tena chumba cha pili, bando linaliwa kwenda na kurudi, na ubora wa picha umeshapungua. Faili linalopita ndani ya ruta yako halili bando hata kidogo. Hata intaneti ikikatika, linapita.

Mimi napiga picha za harusi, sendofu na kipaimara hapa Uyole, Mbeya. Harusi moja inajaza kadi ya GB 64. Mdogo wangu anahariri kwenye kompyuta yake, mke wangu anachagua picha za albamu kwa simu, na kompyuta yenye diski kubwa ni hiyo moja. Uani tuna wapangaji, na Wi-Fi tunachangia. Ndiyo maana nasisitiza usalama: kwa nyumba nyingi za huku, mtandao wa nyumbani unatumiwa na wapangaji na wageni wao pia. Picha za bibi harusi, vyeti vya watoto na hati ya shamba la parachichi la Tukuyu havipaswi kuonekana na kila aliyepewa nenosiri la Wi-Fi. Picha za mteja ni amana, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotudai hivyo hivyo.

Anza na ruta. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio na ubadilishe nenosiri la kuingilia humo, kwa sababu lile la kiwandani mara nyingi limeandikwa kwenye stika chini ya ruta, na yeyote aliyefika sebuleni anaweza kulisoma. Chagua ulinzi wa Wi-Fi uitwao WPA2 au WPA3, na zima WPS, yaani njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi bila kuandika nenosiri. Ruta nyingi zinaweza kurusha Wi-Fi ya pili kwa ajili ya wageni. Wape wapangaji hiyo. Wataendelea kupata intaneti vizuri, na kompyuta yako hawataiona.

Sasa nenda kwenye kompyuta. Nazungumzia Windows 10 na 11, ambazo ndizo nyingi. Fungua mipangilio ya mtandao, na kwenye Wi-Fi yako ya nyumbani chagua "Private network". Mitandao mingine yote, ya hotelini, ya stendi, ya chuoni, iache kwenye "Public". Kisha tafuta "Advanced sharing settings": washa "File and printer sharing" upande wa Private peke yake, na hakikisha "Password protected sharing" imewashwa. Utakutana na mafundi wanaoizima hii ya mwisho ili kazi iishe haraka. Usikubali. Ukiizima, unaruhusu watu kuingia bila kuulizwa wao ni nani.

Hatua ninayoipa uzito kuliko zote ni akaunti. Kila mtu apate yake, kwa ajili ya mafaili tu. Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi wa kompyuta, uandike:

net user mhariri * /add

Itakuuliza nenosiri mara mbili. Unapoandika hutaona herufi yoyote, usishtuke. Fanya hivyo hivyo kwa "albamu" au jina lolote unalotaka. Nenosiri lisiachwe tupu, maana Windows huikatalia akaunti isiyo na nenosiri kuingia kupitia mtandao. Na ile PIN unayofungulia kompyuta asubuhi haifanyi kazi hapa. Watu wengi hukwama hapo, wakadhani kompyuta ni mbovu.

Tengeneza folda moja, tuseme D:\Kazi. Usifungue diski nzima, wala folda yako yenye nyaraka zote. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Sharing", "Advanced Sharing", weka alama kwenye "Share this folder", kisha "Permissions". Utakuta jina "Everyone" limeshakaa pale. Liondoe. Ongeza akaunti zako: mhariri mpe "Change" kwa sababu anaandika, albamu mpe "Read" peke yake. Windows hutazama ruhusa za sehemu mbili, "Sharing" na "Security", na hufuata iliyo kali zaidi; mtu akikataliwa wakati umemruhusu, kagua hiyo ya pili.

Kufika kwenye folda, tumia anwani ya ndani ya kompyuta. Amri ya ipconfig itakuonyesha, kwa mfano 192.168.1.20. Kwenye ruta, itengee kompyuta anwani hiyo ili isibadilike umeme ukikatika na kurudi. Kwenye kompyuta nyingine andika \\192.168.1.20\Kazi juu ya dirisha la mafaili. Kwenye iPhone, programu ya Files ina sehemu ya kuunganisha na seva. Kwenye Android tumia programu ya mafaili inayoelewa SMB, ambao ni utaratibu wa Windows wa kusafirisha mafaili.

Kuhusu SMB, kuna jambo la kushikilia sana. Toleo lake la kwanza, SMB1, lisiwashwe kamwe, hata kama skana au televisheni ya zamani inalidai. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipitia udhaifu wa toleo hilo kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Wala usifungue kwenye ruta mlango namba 445, ambao SMB hupitia, ili uyafikie mafaili ukiwa Iringa au Dar es Salaam. Kwa safari, tumia VPN, yaani njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa nyumbani kupitia intaneti.

Kama hamna Wi-Fi ya wageni na wapangaji wako kwenye mtandao huo huo, fungua PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) kama msimamizi uandike:

Set-SmbShare -Name Kazi -EncryptData $true

Hapo mafaili yanafumbwa njiani, asiyehusika asiweze kuyasoma. Programu ya simu isiyoelewa ufumbaji huo itakataliwa, na ni sawa ikataliwe, tafuta nyingine.

Kasi nayo ina mambo yake. Kuta za matofali ya kuchoma zinapunguza nguvu ya Wi-Fi, hasa ile ya 5 GHz. Mimi na mdogo wangu tunatumia waya: kwenye ruta yenye matundu ya gigabiti, GB 64 zinaweza kupita kwa takriban dakika kumi, kama diski zenyewe zina kasi.

Folda hii isihesabiwe kuwa nakala ya akiba. Kompyuta ya mhariri ikipata kirusi, kirusi hicho kitatumia ruhusa yake ya "Change" kuharibu hadi humo ndani. Weka nakala kwenye diski ya nje, uichomoe ukimaliza.

Mara kwa mara andika net share uone folda zilizofunguliwa (zenye alama ya dola mwishoni, kama C$, ni za mfumo wenyewe), na net session uone nani yumo sasa hivi. Mtu akiacha kazi au akihama:

net user mhariri /delete

Wengine wanaendelea na maneno yao ya siri yale yale.