Jinsi ya kusimama na wanaharakati wenzako wa nchi nyingine bila kuwaharibia kazi

Tuseme umeamka asubuhi umekuta kwenye simu kwamba dada wa nchi jirani kakamatwa kwenye maandamano, au bunge lao linataka kufuta sheria inayolinda wasichana, na moyo unawaka unataka kufanya kitu leo leo. Sawa. Ila kabla hujaposti chochote tafuta mtu mmoja aliyeko huko umuulize wanataka nini, na kama humjui hata mmoja basi kumpata huyo mtu ndo kazi yako ya kwanza.

Hili nimejifunza kwa kuharibu. Miaka kadhaa nyuma kikundi chetu kilikesha kikiandika tamko kali kuhusu binti mmoja aliyekuwa mahabusu nchi ya jirani, tukaweka jina, tukaweka na picha yake, tukalala tunajisikia mashujaa. Asubuhi ikaingia vois noti ya sekunde 40 kutoka kwa dada mmoja wa kule, wala hakufoka, alisema tu kwamba wakili wao alikuwa ameshaongea na polisi binti aachiwe kimya kimya siku ileile, na kwamba nyumbani kwao walikuwa hawajui kama alienda kuandamana. Tukafuta fasta lakini skrinishoti hazifutiki jamani.

Kwa hiyo utampataje mtu wa kumuuliza? Usianze kuunda mtandao wako mpya na logo, mitandao ipo kitambo. Tarehe 31 Julai 1962 wanawake wa Afrika walikaa Dar es Salaam wakaanzisha umoja wao wa bara zima, ndo maana siku hiyo inaitwa Siku ya Mwanamke wa Afrika mpaka leo. Shirika la Akina Mama wa Afrika lilianza 1985 London likaja kuhamia Kampala, FEMNET, mtandao wa wanawake wa Afrika, iko Nairobi tangu 1988, SOAWR ni muungano wa mashirika ya haki za wanawake wa tangu 2004. Waandikie hao, sema unamtafuta nani nchi gani kwa ishu gani, watakuunganisha. Ukishampata muulize nani anaongea kwa niaba yao, nini kisisemwe hadharani, na kitu gani wao wenyewe hawawezi kukifanya kwa sababu wako ndani. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote, maana wewe wa nje una faida moja tu, huwezi kukamatwa na polisi wa kwao. Wao hawawezi kwenda kupiga kelele mbele ya ikulu yao, ila wewe unaweza kupeleka barua kwenye ubalozi wao ulioko kwako na kesho ukaenda kazini kama kawaida.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Taja kesi, taja kifungu, omba kitu kimoja, weka tarehe unayotegemea majibu. Barua zenye madai kumi na nne hazisomwi, nimeandika za hivyo nyingi tu.

Na kifungu ukitoe wapi? Itifaki ya Maputo, yaani mkataba wa Umoja wa Afrika wa haki za wanawake. Ilipitishwa tarehe 11 Julai 2003, ikaanza kutumika 25 Novemba 2005 baada ya nchi 15 kuridhia, na leo zimeridhia zaidi ya 40 kati ya nchi 55 za umoja huo. Hizo nchi za mwanzo hazikuridhia kwa huruma, watu wa SOAWR walikuwa wanazipa serikali kadi kama za refa, nyekundu kwa nchi ambayo haijasaini wala kuridhia, njano kwa iliyosaini ikaishia hapo, kijani kwa iliyoridhia. Hakuna kiongozi anayependa kupewa kadi nyekundu wenzake wanaangalia. Mimi naona hiyo ilikuwa akili kubwa kuliko matamko yote, unaweza kuiga hata kwa ishu yako ndogo. Ila kabla hujanukuu kifungu angalia kama nchi husika imekikubali, mfano Kenya iliridhia 2010 ikasema kifungu cha 14(2)(c) kinachohusu utoaji mimba haikifuati, ukiwarushia hicho wanakucheka.

Sasa upande wa mahakama, na hapa nakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani ni mambo ya mawakili wakubwa tu. Shirika moja la wanawake wa Mali liliungana na shirika lingine lililoko Banjul, Gambia, wakaishtaki Mali kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha kuhusu sheria ya familia iliyoruhusu msichana aolewe na miaka 16 wakati mvulana ni 18, na ikabana pia mambo ya mirathi na ridhaa ya ndoa. Tarehe 11 Mei 2018 wakashinda, na ilikuwa mara ya kwanza mahakama hiyo kusema nchi imevunja Itifaki ya Maputo. Wa Mali walikuwa na maisha ya wanawake wenyewe mkononi, wa Banjul walikuwa wanajua njia za hizo mahakama, kila mmoja akaleta chake. Ndo mgawanyo ninaousema.

Shida ni kwamba shirika linaweza kwenda moja kwa moja Arusha kama tu nchi inayoshtakiwa ilitoa tamko la kuruhusu hivyo, na Tanzania ambayo ndo mwenyeji wa mahakama ilijiondoa kwenye tamko lake 2019, yaani nyumba iko kwako halafu watu wako unawafungia mlango, sijui tuseme nini. Ukikuta mlango huo umefungwa bado kuna Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Banjul, ila lazima kwanza mmalize mahakama za nyumbani au muonyeshe hazisaidii. Afrika Mashariki tuna mahakama yetu ya jumuiya, hiyo haidai mmalize za nyumbani lakini inataka mfungue kesi ndani ya miezi miwili, na hapo wengi wanakosea, wanakaa kwenye vikao wiki ya tisa ndo wanakumbuka. Afrika Magharibi mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za huko, nayo haidai mmalize za nyumbani, na huko ndiko Sierra Leone iliambiwa Desemba 2019 kwamba kuwakataza wasichana wajawazito kwenda shule ni ubaguzi, na Machi 2020 katazo likaondolewa. Tanzania katazo la namna hiyo lilikuja kuondolewa Novemba 2021. Kwa hiyo kama kwenu mnapigania kitu, angalia nani amekishinda nchi nyingine, muombe nyaraka zake za kesi, watu wanagawa tu ukiwaomba vizuri.

Lugha nayo inaua vikundi vingi. Kuna siku tulikuwa kwenye Zoom, mama mmoja wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, akaongea Kireno kama dakika tano, anahesabu vitu kwa vidole kabisa, alipomaliza aliyekuwa anatutafsiria akasema "anakubaliana na hoja". Yule mama akawasha maiki tena akasema kwa Kiswahili cha kule kwao, "hapana, mimi sikukubali". Tukacheka halafu tukanyamaza, kwa sababu alichokuwa anasema ni kwamba wanawake waliokimbia vita hawana simu na sisi lisaa lizima tulikuwa tunapanga hashtagi. Tangu siku hiyo tunalipa mkalimani, na tunampa muda kabla ya kikao asome maneno yetu. Kama hela haipo andikeni mambo mafupi, tumieni vois noti mtu aisikilize kwa muda wake. Na masaa mpange kwa kutaja miji, saa tatu asubuhi ya Dakar ni saa sita mchana Dar, usiseme tu "saa tatu" halafu ushangae watu hawajatokea.

Usalama nitasema kwa haraka. Grupu la WhatsApp la watu 200 sio siri. Mambo ya majina na mahali alipojificha mtu yaende Signal, app ya meseji yenye usiri zaidi, kwa watu watatu wanne, meseji zijifute, na picha za sura zisitoke bila mwenyewe kusema ndiyo.

Kutuma hela uliza kwanza pia, najua inasikika ajabu. Ethiopia mwaka 2009 ilitunga sheria kwamba shirika linalopata zaidi ya asilimia 10 ya pesa zake kutoka nje haliruhusiwi kufanya kazi za haki, pamoja na haki za wanawake, na ilikaa mpaka 2019. Mchango wako wa upendo unaweza kuwa ndo ushahidi dhidi yao. Wakati mwingine wanachohitaji ni nauli ya shahidi au mtu wa kumpokea dada aliyevuka mpaka usiku.

Halafu kuna suala la kubaki. Kuanzia 25 Novemba mpaka 10 Desemba, zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kila mtu ni mwanaharakati, tarehe 11 kimya. Gambia walipeleka muswada wa kuruhusu tena ukeketaji ambao ulikuwa umepigwa marufuku 2015, Machi 2024 dunia nzima ilikuwa inaongea, ukaenda kwenye kamati, kelele zikapungua, na wanawake wa kule wakaendelea na kazi mpaka wabunge walipoukataa tarehe 15 Julai. Hiyo miezi ya katikati ndo ya kumpigia mtu simu. Kwetu tumeweka memba mmoja kwa kila kesi, kazi yake ni kuandika tarehe za mahakamani na kuuliza hata ikiahirishwa mara ya sita.

Kama hujui uanzeje leo, meseji ninayotuma mimi ni hii, ibadilishe upendavyo: "Dada pole na hongera kwa kazi, tumesikia yaliyotokea. Hatujaposti chochote. Mngependa tufanye nini huku, na nini tusikiguse? Hata ukijibu kesho sawa." Ukishatuma subiri. Wakisema msifanye kitu kwa sasa, msifanye, andika tarehe ya kuuliza tena wiki ijayo.