Somo: Kuutumia utitiri mwindaji dhidi ya utitiri mwekundu

Kosa la kwanza katika kazi hii ni la rangi. Utitiri mwekundu wa kawaida, Tetranychus urticae, licha ya jina lake, mara nyingi huwa wa kijani kinachoelekea manjano, wenye madoa mawili meusi ubavuni, ilhali adui wake mkubwa, utitiri mwindaji Phytoseiulus persimilis, ndiye mwekundu hasa, tena anayeng'aa. Mtu anayeona vidoa vyekundu vikikimbia juu ya jani akachukua bomba la dawa papo hapo, huenda anawaua walinzi wake mwenyewe.

Hatua ya 1: Kukagua. Geuza jani na utazame upande wa chini kwa lenzi inayokuza mara 10. Penye utitiri mwekundu, yaani mla-mimea, utaona utando mwembamba, ngozi nyeupe zilizoachwa baada ya kujivua, na mayai ya mviringo kama shanga za kioo. Yai la mwindaji limerefuka kidogo, na ukubwa wake ni karibu mara mbili ya hayo. Ukikosa lenzi, kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe: anayejikokota ni mla-mimea, na anayekwenda mbio bila kutulia ni mwindaji.

Hatua ya 2: Kuandaa mimea. Usiachilie wawindaji juu ya mimea iliyopuliziwa viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, kwa sababu mabaki yake huendelea kuwaua kwa wiki kadhaa. Majani yaliyokwisha kukauka yaondolewe, lakini usisafishe kila kitu, kwani mwindaji huyu hana chakula kingine zaidi ya utitiri wanaofuma utando.

Hatua ya 3: Kuachilia. Hapa ndipo wengi hushindwa, na sababu karibu kila mara ni kuchelewa. Jike mmoja wa mwindaji hula mayai yapatayo 20 au utitiri wakubwa wapatao watano kwa siku, na katika nyuzijoto 20 hivi za Selisiasi huzaliana kwa kasi kuliko mawindo yake. Joto likizidi nyuzi 30 hulegea, na unyevuanga ukishuka chini ya asilimia 60 mayai yake husinyaa, wakati mla-mimea hustawi katika hali hiyo hiyo ya joto na ukavu. Kwa hiyo achilia mapema, majani yakiwa ndiyo kwanza yanaonyesha vidoa vya manjano, kwa kadirio la mwindaji mmoja kwa kila wala-mimea kumi, na uwaweke palepale penye utando. Mwindaji hana macho. Huongozwa na mguso pamoja na harufu ambayo mmea wenyewe huitoa unaposhambuliwa, jambo ambalo watafiti wa Uholanzi walilionyesha katika miaka ya 1980 kwa kutumia maharage.

Hatua ya 4: Kusubiri. Kagua kila wiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, baada ya mwezi mmoja wawindaji wangu wote wametoweka. Je, nimeshindwa?

Jibu: Tazama majani machanga kwanza. Kama ni safi, wamemaliza mawindo na wamekufa njaa au wamehama. Mwaka 1958 mwanaikolojia Carl Huffaker wa California alichapisha jaribio lake la kuwaweka utitiri mla-mimea na utitiri mwindaji, wa spishi nyingine, juu ya machungwa yaliyopangwa pamoja na mipira. Mpangilio ulipokuwa rahisi, wawindaji waliwala mawindo wote kisha nao wakafa. Alipoweka vizuizi vya mafuta mazito ya mgando na vijiti ambavyo kutoka juu yake mawindo waliweza kupeperuka kwa nyuzi zao, makundi yote mawili yalidumu kwa muda mrefu zaidi, yakipanda na kushuka kwa mawimbi. Shamba lenye mimea ya namna moja liko karibu zaidi na mpangilio ule wa kwanza, kwa hiyo mashambulizi yakirudi itakubidi uachilie upya.

Swali: Samahani, mbona kwenye matango wamefanya kazi nzuri, lakini kwenye nyanya hawaendi popote?

Jibu: Shina la nyanya lina vinyweleo vyenye utomvu unaonata, ambavyo huwanasa. Ukiligusa kwa vidole utauhisi mwenyewe. Waweke juu ya majani yenyewe, sehemu nyingi zaidi, usitegemee watembee kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

Swali: Eneo langu ni la joto na kavu. Nifanye nini?

Jibu: Neoseiulus californicus, utitiri mwindaji wa aina nyingine, atakufaa zaidi. Hula polepole, ila huvumilia joto na ukavu, na mawindo yakipungua huweza kuishi kwa chavua. Mimi ningemweka mapema kama mlinzi, kisha nikamleta persimilis mahali tu ambapo mashambulizi yamelipuka.

Swali: Naweza kupuliza maji ya sabuni wakati wawindaji wapo?

Jibu: Sabuni huua kinachoguswa ikiwa bado mbichi, rafiki na adui sawasawa, lakini ikikauka haiachi sumu. Puliza kwanza, acha majani yakauke kabisa, ndipo uachilie.